Mwenye Mtoto Mchanga Naye Apewe Kura ya Posta

Kwa Waheshimiwa maseneta na wabunge wa majimbo ya Marekani ambayo bado yanamdai mpiga kura udhuru kabla ya kumpa karatasi ya kura ya posta, na kwa maofisa mnaosimamia uchaguzi katika majimbo hayo,

Nawaandikia nikiwa raia wa nchi hii kwa kuapishwa, mzazi, na karani wa muda wa kituo cha kupigia kura. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, na jirani zangu wengi vilevile. Kuna waliotoka Kongo, kuna waliotoka Burundi kupitia kambi za wakimbizi, wakakaa hapa miaka mpaka wakapata uraia. Kila msimu wa uchaguzi hunijia na fomu ya kuomba kura ya posta ili tuisome pamoja. Fomu yenyewe haina ugumu. Utakuwa nje ya kaunti siku hiyo? Unaumwa, au una ulemavu? Umefikia umri fulani? Mama mwenye mtoto wa miezi minne mgongoni na mwingine wa miaka miwili miguuni anasikiliza kisanduku kimoja baada ya kingine mpaka mwisho, halafu ananiuliza, "Sasa dada, mimi nitie alama wapi?"

Hana pa kutia. Ndiyo sababu ya barua hii. Nawaomba muandike katika sheria zenu kwamba mtu anayelea mtoto mdogo anaruhusiwa kupiga kura kwa posta, na kwamba kusema hivyo kunatosha.

Nimezisoma sheria za majimbo mengine pia, zaidi ya lile ninaloishi. Texas, Indiana, Kentucky, Louisiana, Mississippi na South Carolina humruhusu mtu aliyefikisha miaka 65 apige kura kwa posta kwa sababu ya umri wake tu. Tennessee wanaanzia miaka 60. Sina kinyongo na wazee hao hata kidogo. Wengi wana nguvu kunishinda, na bado naona ni sawa wapewe. Tennessee humpa pia dereva wa lori mwenye leseni ya biashara ambaye kazi imempeleka mbali. Texas humpa hata mahabusu ambaye hajapoteza haki yake ya kupiga kura. Ina maana kuna wakati wenzenu walikaa wakajiuliza: ni nani ambaye siku ile hataweza kujitoa alipo? Wakamkumbuka dereva, wakamkumbuka mahabusu, wakamkumbuka mgonjwa. Mwenye mtoto wa miezi minne hakuna aliyemkumbuka.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kanuni ninayoitetea tayari mmeikubali. Alabama, Missouri, Indiana na Tennessee zinamtambua mtu anayemuuguza mwenzake asiyeweza kutoka nyumbani. Indiana inataka uuguzaji huo uwe umemzuia kwa saa zote 12 ambazo vituo viko wazi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, lakini inamtambua. Yaani sheria imekiri kwamba mtu mwenye afya kamili anaweza kuzuiwa kufika kituoni na mahitaji ya mwingine anayemtegemea. Hapo hapo ndipo ilipoishia. Mtoto akilazwa kitandani na ugonjwa, mama yake anahesabika. Akipona, mama anafutwa kwenye orodha, ilhali mtoto ni yuleyule: hawezi kujilisha, hawezi kujibadilisha nepi, hawezi kuachwa chumbani peke yake hata kwa muda wa kuoga. Utegemezi wa mtoto mchanga hauhitaji cheti cha daktari. Kila mtu aliyewahi kuwa na mtoto ndani ya nyumba anaujua.

Sheria zenu nyingine zinaujua pia. Texas, ukimwacha mtoto wa chini ya miaka saba ndani ya gari kwa zaidi ya dakika tano bila mtu wa miaka 14 au zaidi wa kumwangalia, umetenda kosa la jinai. Ni sheria njema na imeokoa roho za watoto. Basi mzazi huyo akifika kwenye maegesho ya kituo akakuta foleni imezunguka jengo, na nyuma ya gari watoto wawili wamelala, mnamtaka afanye nini? Kuwaacha ni jinai. Kuwaamsha na kusimama nao foleni kwa muda asioujua ndiyo njia pekee iliyobaki, na wengi wakiipima hugeuza gari. Huduma ya kupigia kura garini, katika majimbo mengi yaliyo nayo, ni ya mtu mwenye ulemavu au asiyeweza kuingia bila kudhurika. Yeye miguu anayo, kwa hiyo haimhusu.

Texas hiyohiyo imepiga hatua moja ambayo nawapongeza, na ambayo pia inaonyesha jinsi jambo hili lilivyotazamwa kwa jicho moja. Mwanamke anayetarajia kujifungua ndani ya wiki tatu kabla au baada ya siku ya uchaguzi anaruhusiwa kuomba kura ya posta. Wiki tatu! Waheshimiwa, waulizeni wake zenu na binti zenu wiki ya nne ikoje. Aliyejifungua kwa upasuaji bado kidonda hakijakaza, na wengi huambiwa wasibebe kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe. Hajalala usiku mzima tangu azae. Ananyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Kisheria ni kama amerudi kuwa mtu wa kawaida. Na baba aliyebaki naye nyumbani, au bibi aliyekuja kusaidia ambaye hajafikisha 65, hata hizo wiki tatu hana.

Wapo watakaosema mama wa namna hiyo aweke alama kwenye kisanduku cha ugonjwa, yaishe. Nimeombwa ushauri huo mara nyingi, na sijawahi kuutoa. Fomu inasainiwa chini ya onyo kwamba kutoa habari za uongo ni kosa. Aliyezaliwa hapa anaweza kulipita onyo hilo bila hata kuliona. Mtu aliyeupata uraia kwa kuapa, ambaye miaka mingi ya maisha yake ilitegemea karatasi zisikutwe na kosa, akiliona mkono unaganda. Ananiambia, "Mimi siumwi. Nimejifungua tu." Ana haki ya kusema kweli. Sheria inayomfanya mtu mkweli achague kati ya kudanganya na kukosa kura ni sheria iliyoharibika, na ninyi ndio wenye uwezo wa kuitengeneza.

Nieleze nilichokiona kituoni, maana najua wengi wenu mkienda kupiga kura mnapokewa na wapiga picha na hamkai sana kwenye foleni. Kituo chetu kiko katika ukumbi wa michezo wa shule. Jioni moja, watu wakiwa wanatoka kazini, aliingia mwanamke kijana akiwa na mtoto kifuani kwenye mbeleko ya kamba na mvulana wa kama miaka mitatu mkononi. Alisimama kwa utulivu. Kwa kila hatua ambayo foleni ilisogea, alikuwa anausogeza mfuko wa nepi kwa mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mvulana akaanza kujibana miguu. Mama akamwomba aliyekuwa nyuma yake amshikie nafasi, akatoka mbio kutafuta choo, na choo kilichokuwa wazi kilikuwa upande wa pili wa jengo. Aliporudi, nafasi alikuwa ameshikiwa kweli. Watu ni waungwana. Lakini sasa mdogo alikuwa ameamka, ana njaa, analia ile sauti ya kichanga inayokata masikio ya kila mtu. Alijaribu kumnyonyesha amesimama huku amemshika yule mkubwa ukosi wa shati. Alivumilia kidogo, akatazama watu waliobaki mbele yake, akasema "samahani" kwa aliyekuwa nyuma, akaondoka. Mimi nilikuwa mezani na kitabu cha majina. Kanuni hazikuniruhusu kumpitisha mbele kwa sababu ya watoto. Jina lake lilibaki bila sahihi mpaka tunafunga.

Kwenye takwimu zenu mama huyo atahesabiwa pamoja na wasiojali siasa.

Na pale ni shuleni, jambo ambalo lina uzito wake. Sehemu nyingi za nchi hii, shule zinapotumika kuwa vituo vya kupigia kura, hufungwa kwa wanafunzi siku hiyo. Sielezi kama lawama. Usalama wa watoto ni jambo la kwanza. Ila matokeo yake ni kwamba Jumanne ile ambayo serikali inamtaka mzazi ajitokeze ndiyo Jumanne ambayo serikali hiyohiyo imemrudishia watoto wote nyumbani. Mwenye watoto wawili wadogo ghafla ana wanne. Mwenye kulipia kituo cha kulelea watoto kwa siku tatu za wiki anagundua Jumanne si mojawapo. Kwa jirani zangu wanaofanya kazi za viwandani na maghalani, utaratibu ni baba zamu ya mchana na mama zamu ya usiku, wanapishana mlangoni na kupokezana mtoto. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna saa ambayo mtu mzima mmoja yuko huru na mwenzake yuko macho. Bibi na shangazi ambao wangemshika mtoto wako nchi nyingine. Mtasema wapeane zamu. Zamu wanazopeana ni hizo.

Mnajibu kwamba kuna siku za kupiga kura mapema. Kwa baadhi yenu ni kweli, na zinasaidia. Alabama na Mississippi hawana siku hizo kwa wapiga kura wote. Hata pale zilipo, kinachobadilika ni tarehe. Watoto ni walewale, na mlango wa kituo ni uleule. Zinamfaa anayekosa nafasi siku moja. Anayelea mtoto mchanga peke yake hana siku moja iliyo tofauti na nyingine. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na katika jambo hili waliozijua siku hizo ni wachache mno kwenye kumbi mnakotungia sheria.

Nadhani shina la yote liko nyuma sana. Sheria ya kufanya uchaguzi wa rais Jumanne baada ya Jumatatu ya kwanza ya Novemba ni ya mwaka 1845. Utaratibu wa kumpelekea mtu kura pale alipo ulipata nguvu wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mwaka 1864, kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa vitani. Wakati huo mpiga kura alikuwa mwanamume, na mtoto wake alikuwa na mtu wa kumshika nyumbani: mke ambaye hakuwa na kura. Wanawake walihakikishiwa haki hiyo katika Katiba ya nchi mwaka 1920. Kura wakapewa, ila orodha za udhuru hazikupitiwa upya kwa kujiuliza mtoto sasa atabaki na nani. Askari aliyeko mbali alifikiriwa, na mpaka leo anafikiriwa vizuri: sheria ya taifa ya 2009 inataka karatasi yake ya kura itumwe angalau siku 45 kabla ya uchaguzi. Nchi inapotaka kumfikia mpiga kura, inajua namna.

Hofu ya udanganyifu siipuuzi. Mimi ndiye ninayehakiki majina, na nisingetaka kura moja ya uongo ipite mezani kwangu. Najua yaliyotokea North Carolina mwaka 2018 katika wilaya ya tisa ya Bunge la taifa, ambako watu waliolipwa walizunguka wakikusanya karatasi za kura ya posta majumbani, na bodi ya uchaguzi ya jimbo mwaka 2019 ikaamuru uchaguzi urudiwe. Ile ilikuwa dhuluma kubwa. Lakini tazameni ilivyogunduliwa: maombi yaliacha alama, bahasha ziliacha alama, wapiga kura walihojiwa, hesabu zikakataa kulingana. Dawa ya wizi wa namna ile ni kudhibiti nani anaruhusiwa kubeba bahasha ya mwingine, kulinganisha sahihi, na kumwezesha mpiga kura kufuatilia bahasha yake mpaka ipokelewe. Kumnyima kura mama anayenyonyesha hakumzuii mwizi hata mmoja. Oregon wamekuwa wakifanya uchaguzi mkuu kwa posta tangu mwaka 2000, Washington na Colorado wakawafuata, na majimbo yao yanaendelea kuchagua watu wa vyama vyote kwenye ngazi mbalimbali.

Kama mko tayari kuondoa udhuru kabisa, hilo ndilo bora. Massachusetts walifanya hivyo kwa sheria mwaka 2022. New York walitunga yao mwaka 2023, ikapingwa mahakamani, na mwaka 2024 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaiacha isimame. Wapiga kura wa Connecticut mwaka huohuo wa 2024 walikubali Katiba yao ibadilishwe ili Bunge lao liruhusiwe kumpa kila mtu nafasi hiyo. Ila sitaki mama wa mwaka huu asubiri mjadala mkubwa ambao katika baadhi ya majimbo yenu utachukua miaka. Kuna njia fupi.

Njia hiyo iko New Hampshire, jimbo ambalo bado linadai udhuru na halina siku za kupiga kura mapema. Sheria yao inamruhusu mtu aliyebanwa na wajibu wa ajira kuomba kura ya posta, kisha inaeleza kwamba ajira hapa ni pamoja na kutunza watoto au watu wazima wasiojiweza, kwa malipo au bila malipo. Hawakuunda idara mpya, na yaya anayelipwa na mama asiyelipwa wote wamo. Baba aliyebaki nyumbani yumo, mama wa kambo yumo, bibi wa miaka 58 anayelea wajukuu yumo, mlezi aliyekabidhiwa mtoto na mahakama yumo. Chukueni kifungu hicho mkiweke katika sheria zenu. Nisingependa kiwekewe masharti ya umri wa mtoto yaliyobana sana. Kama lazima pawe na mpaka, basi angalau uwe ule umri wa kuanza shule, na asiwekewe mpaka kabisa mwenye mtoto mwenye ulemavu.

Tafadhali msikitoe kifungu kwa mkono mmoja na kukichukua kwa mwingine. Alabama bahasha ya kura inataka notari, yaani ofisa aliyeidhinishwa kushuhudia sahihi, au mashahidi wawili. Missouri na Mississippi nako wapiga kura wengi wa posta hulazimika kumtafuta notari. Mzazi ambaye hakuweza kufika kituoni kwa sababu ya mtoto, ataweza vipi kwenda kumtafuta notari na mtoto huyohuyo? Sahihi yake chini ya kiapo inatosha, kama inavyotosha kwenye fomu ya kodi. Pia wekeni njia ya dharura. Mtoto anaweza kuamka na homa Jumatatu, baada ya siku ya mwisho ya maombi kupita, na kituo cha kulelea watoto kikakataa kumpokea. Majimbo kadhaa yana utaratibu wa dharura kwa mpiga kura aliyeugua ghafla. Mwongezeni mzazi wa mtoto aliyeugua ghafla.

Kwa wa Delaware nina neno la peke yenu. Mwaka 2022 mahakama yenu ya juu kabisa ilibatilisha sheria ya kura ya posta kwa wote, kwa kuwa Katiba ya jimbo imezitaja sababu zinazokubalika na mahakama ikaona Bunge haliwezi kuongeza nyingine kwa sheria ya kawaida. Lakini Delaware ndilo jimbo pekee ambalo Katiba hubadilishwa na Bunge peke yake, kwa theluthi mbili, katika Mabunge mawili yanayofuatana, bila kura ya maoni ya wananchi. Uamuzi wote umo mikononi mwenu, na saa ya Bunge la kwanza kati ya hayo mawili haianzi kuhesabika mpaka mmoja wenu asimame na hoja.

Nitaendelea kukaa na jirani zangu na fomu hizo, na nitaendelea kuwaambia wasitie alama mahali pasipo pao. Ninachotaka kutoka kwenu ni jibu la maandishi lenye mambo mawili: ni nani kati yenu atakayepeleka muswada wa kifungu hiki katika kikao kijacho, na kama hakuna, ni kwa sababu gani. Fomu mpya zikichapishwa na kisanduku hicho kimo, nileteeni za kutosha nyumba ishirini. Mtaani kwetu zitajazwa wiki hiyohiyo.

Wenu katika uraia,

Mzazi na karani wa kituo cha kupigia kura